Mama Posho na Pini ya Kijani

Kabula alifia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, saa nne za asubuhi, jua limeshapanda. Nilikuwa nimemfunika gunia tupu la unga wa lishe kwa sababu hapakuwa na kingine. Mguu wangu ulikuwa umevunjika mahali pawili, lakini siku hiyo haukupata nafasi ya kuniuma. Mzee mwenye mkokoteni aliwachapa maksai wake huku analia, akiwatukana kwa Kisukuma matusi ambayo mtu mzima hayatoi mbele za watu. Maksai hawajui haraka ya mtu. Mwendo wa kupeleka pamba ndio huo huo wa kupeleka majeruhi.

Mara mbili Kabula aliniuliza, "Gari limefika?"

Mara ya kwanza nikamwambia, "Linakuja, mayu, mama yangu." Mara ya pili nikamwambia, "Nalisikia." Nilikuwa sisikii kitu. Gari lilikuwa moja tu, na asubuhi ile lilikwenda Lagangabilili kumchukua Renatus, afisa mradi wetu, ambaye siku hizo hakulala tena kijijini, akisema ni mbu.

Tembo aliyemkanyaga simlaumu. Tembo hana ofisi, hana kiti cha kuzunguka, hana ramani ukutani. Mwenye hivyo vyote alikuwa Mama Posho, na huyo ndiye ninayetaka kumweleza.

Jina lake ninalijua, na waliokuwa naye wanalijua. Sisi sote tulimwita Mama Posho, mpaka mkurugenzi. Kwenye karatasi alikuwa afisa utumishi wa shirika letu pale Bariadi. Shirika lilikuwa linapima watoto na kugawa unga wa lishe kwenye vijiji vinavyopakana na pori. Mimi nilikuwa mpakiaji na mlinzi wa stoo. Kabula alikuwa mpimaji: anatundika mzani, anamweka mtoto, anaandika kilo, anamwambia mama ukweli bila kumuaibisha.

Palikuwa na kitu kinaitwa posho ya mazingira hatarishi. Ukilala kwenye kijiji cha hatari unapata nyongeza kwa kila usiku uliolala. Sasa nani anasema kijiji hiki kina hatari na kile hakina? Yeye. Nyuma ya kiti chake ilibandikwa ramani ya mkoa, kuanzia Lamadi ziwani mpaka kule pori linapoanzia, na kila kijiji chetu kilichomwa pini. Nyekundu ni hatari. Njano ni kaa macho. Kijani ni salama, nenda tu.

Watu wa nje walidhani pini ni mambo ya hela. Sivyo. Pini nyekundu ilikuja na vitu vyake: magari mawili, moja likiondoka jingine linabaki limegeuza uso barabarani, askari wa wanyamapori na bunduki yake anatangulia, simu ya upepo kwenye gari. Pini ikiwa ya kijani, hivyo vyote vinaondoka pamoja na posho. Hakuna aliyeijua kanuni hiyo kuliko yeye. Ndiye aliyeichapa, akatusomea, akatusainisha mmoja mmoja.

Nikisema alikuwa mwizi nitakuwa nimemsingizia. Mama yule hakula senti ya mtu. Kuna watu ofisini walikuwa wanalala kwa mhuri: mwili uko Bariadi kwenye nyama choma, fomu iko kijijini inagongwa mhuri na mtendaji. Aliwakamata wote. Siku moja alimrudishia fomu mkurugenzi mwenyewe, mbele yetu, mlango wazi.

"Hapa umeandika umelala kule Jumatano."

"Ndiyo, mama."

"Jumatano jioni ulinipigia simu uniulize funguo za jenereta ya hapa ofisini ziko wapi. Ulikuwa unaziuliza za nini ukiwa kule?"

Mkurugenzi akacheka kile kicheko cha mtu aliyekanyaga kinyesi kwa viatu vipya. Akaichukua fomu yake akaondoka. Sisi wapakiaji tulitembea na stori hiyo wiki nzima. Tukasema, huyu ndiye mtu. Shija dereva akasema, "Huyu hata Mungu akimletea fomu ya siku saba za kuumba dunia, atamkata ile ya kupumzika."

Hapo ndipo ninapojichukia, kwa sababu tulimpenda. Alijua watoto wetu kwa majina. Hakuniita mpakiaji hata siku moja, aliniita Baba Milembe, kwa jina la binti yangu, na Milembe alipofaulu kwenda sekondari yeye ndiye alinunua begi. Saa nne alifungua mkebe wake wa michembe ya viazi na karanga, na yeyote aliyekuwa mlangoni alipewa. Alikuwa wa kwetu kabisa, si mtu wa kuletwa. Ukiingia asubuhi hujasalimia "mwangaluka" kwa heshima, fomu yako inarudi chini ya rundo.

Lakini mtazame akishapokea hizo fomu. Fomu zetu zilikuwa chafu, lazima niseme. Zimelala mfukoni siku nne na vumbi na jasho na unga. Alizipokea kwa ncha za vidole, akazipanga, akazibana. Kisha anatoa chupa ya maji na sabuni ya maji kwenye droo, anaifuata ndoo iliyokuwa pembeni, ananawa. Kidole kwa kidole. Mbele yako. Halafu anakuuliza, "Haya, Baba Milembe, watoto hawajambo?" Wakati ule niliona ni ustaarabu. Siku hizi nikiukumbuka ule unawaji wake natema mate.

Alikuwa na maneno yake. "Karatasi haina ndugu." "Mdomo hauna faili." La tatu ndilo lililotumaliza, na alilisema kwa upole kama anafundisha katekisimu: "Kisichoandikwa hakijatokea."

Kule porini alikwenda mara moja tu. Kijiji chetu cha mbali kuliko vyote tulikiita Mwisho, kwa kuwa gari likifika pale lazima ligeuze, mbele ni pori. Alifika saa sita mchana na magari mawili na askari, kwa sababu siku hizo pini ilikuwa bado nyekundu. Hakushuka. Alifungua kioo cha gari akauliza, "Hao tembo wenyewe wako wapi?"

Kabula akamwonyesha kwa kidole, karibu na tairi. "Mavi yao hayo, mama."

"Hayo si ya ng'ombe?"

"Ng'ombe wa nani, mama? Ng'ombe anayetoa debe zima kwa mara moja, mwenyewe angekuwa ameshanunua basi."

Kinamama waliokuwa kwenye foleni ya mzani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama Posho naye alicheka, si mtu wa kununa. Akapiga picha kwa kutokea dirishani, akapandisha kioo, akarudi Bariadi. Na kwa sababu hakulala, hakujaza fomu ya posho. Ndivyo alivyokuwa: kwenye hela, mnyoofu kama uzi. Ndiyo maana nilichelewa kumjua. Sisi maskini tumezoea kumpima mtu wa ofisini kwa jambo moja tu, anakula au hali. Akiwa hali, tunamkabidhi roho zetu.

Sasa nieleze kosa letu, na mimi nimo.

Ilikuwepo fomu ya tukio. Tembo wakipita karibu, wakivunja ghala, wakimkimbiza mtu, unatakiwa ujaze. Ilikuwa ya Kiingereza, maswali kumi na moja. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo aliyejaza alikuwa Renatus. Lakini kanuni ilisema tukio likiandikwa, kijiji kinafungwa siku kumi na nne. Hakuna safari, hakuna kulala, hakuna posho. Basi unaelewa. Mwezi wa kwanza tuliandika, tukakaa nyumbani wiki mbili tunaangalia kuku. Mwezi wa pili tuliandika tena, tukakaa tena. Mara ya tatu tembo walipong'oa mlango wa jiko la mwalimu, Renatus alitukusanya nyuma ya gari.

"Jamani, mimi nina ada ya shule. Shija una deni la pikipiki. Baba Milembe unajenga. Kuna aliyekufa?"

Tukasema hakuna.

"Basi hakuna tukio."

Shija akakubali. Mimi nikakubali. Kabula akasema yake: "Mimi siandiki kwa sababu nyingine. Wakifunga wiki mbili, yule mtoto wa kilo nne hatoboi." Tuseme ukweli: sisi watatu tulificha hatari kwa ajili ya posho ya hatari. Yeye alificha kwa ajili ya watoto. Tukanyamaza kinywa kimoja, miezi sita. Na tembo nao wala hawakunyamaza. Wanakijiji walipiga madebe kila asubuhi kuwatoa kwenye mahindi na kuwarudisha porini, sisi tunakunywa uji tunasikiliza madebe, na kwenye daftari la ofisi ni kweupe kama shuka la hospitali.

Mama Posho alikuwa anajua. Msije mkaniambia hakujua.

Siku aliyobadilisha pini nilikuwa ofisini kwake, nimeleta hesabu ya magunia. Wafadhili walikuwa wanakuja, wazungu watatu na mama mmoja wa Dar, na mkurugenzi alitaka wapelekwe Mwisho wakapigwe picha na watoto walionenepa. Lakini kanuni za hao wafadhili haziruhusu mgeni kuingia kwenye kijiji chekundu. Mkurugenzi alisimama mlangoni, mikono mfukoni, akasema, "Mama, hebu angalia kwenye daftari lako kule Mwisho kukoje." Akaondoka. Hakumwambia badilisha. Watu wakubwa hawasemi badilisha. Wanasema angalia.

Akafungua daftari. Akapitisha kidole, mwezi, mwezi, mwezi. Kisha akanigeukia.

"Baba Milembe, kule Mwisho kukoje siku hizi?"

Nikamjibu, naapa mbele ya kaburi la baba yangu, "Wanapita, mama. Hata jana asubuhi walikuwa kwenye mahindi ya mjumbe. Dume mmoja alisogea mpaka stoo, ananusa unga."

"Imeandikwa?"

"Haijaandikwa."

"Kwa nini?"

Nikatazama chini. Alijua kwa nini. Mtu aliyemnasa mkurugenzi kwa funguo za jenereta ashindwe kutunasa sisi, wapakiaji na madereva? Alinitazama muda mrefu. Nikadhani atagomba, atamwita Renatus, atafunga kijiji. Akasema tu, "Basi." Akaomba nimshikie stuli kwa sababu ramani ilikuwa juu. Nikaishika. Akapanda, akachomoa nyekundu, akachoma kijani. Hakupitia hata njano. Akashuka, akanawa.

Wafadhili walikwenda, wakapigwa picha, tembo siku hiyo hawakutokea. Wakaondoka wamefurahi. Pini haikurudi. Wiki iliyofuata tukaenda Mwisho na gari moja, bila askari.

Yaliyotokea ni mafupi. Saa moja asubuhi, siku ya kupima, kinamama wameshaanza kukusanyika. Madebe yakalia upande wa mahindi kama kawaida, lakini safari hii yalikuja upande wetu. Dume lile lilikuwa limekatwa njia ya kurudi porini na kelele za watu, likaja moja kwa moja kwenye stoo. Kabula aliwaingiza kinamama na watoto kwenye darasa, wote. Kisha akamwona bibi mmoja amebaki kwenye benchi, miguu haimbebi. Akarudi. Alimfikisha bibi ukutani, akamsukuma ndani kwa dirisha. Yeye hakuwahi. Mimi ukuta wa stoo uliniangukia nikiwa natoka kumfuata, nikaona vyote nikiwa chini.

Bibi yuko hai mpaka leo. Gari lingekuwepo, hospitali ni saa moja na nusu. Mkokoteni ulichukua saa mbili na nusu na haukufika hata nusu ya njia.

Nililazwa miezi miwili. Mama Posho alikuja kila Jumapili baada ya misa. Alileta supu ya kuku wa kienyeji kwenye chupa ya chai, akaninywesha mwenyewe kwa kijiko, akasali, akalia. Machozi ya kweli, niliyaona yanadondoka kwenye shuka. Jumapili ya nne nikamuuliza, "Mama, nilikwambia au sikukwambia?"

Akafunga chupa yake. "Pona kwanza, Baba Milembe."

Jumapili ya tano hakuja. Ilikuja barua ya kusitishwa kazi, kwa kuwa mimi nilikuwa kibarua na mkataba wangu ulikuwa wa safari kwa safari.

Miaka ikapita. Renatus aliondoka akaenda kugombea mambo ya siasa huko kwao. Mkurugenzi amejenga. Shija aliacha udereva, siku hizi ukimtajia Mwisho anainuka kwenye pombe na kuondoka. Mimi natembea kwa fimbo na nauza mkaa.

Mwaka huu nilimwona Lamadi. Nilishuka kwenye lori la mkaa, nikamkuta anachagua sato kando ya barabara, gari jeupe la shirika jingine likimsubiri, injini inanguruma. Amenenepa kidogo. Muuza samaki alikuwa anambembeleza, "Chukua huyu, mama bosi, huyu alikuwa anaogelea sasa hivi, bado hajajua kama amekufa." Alicheka. Akageuka, akaniona, na uso wake ukafurahi, sijui niseme nini, ulifurahi kabisa.

"Baba Milembe! Mwadila! Jamani, mguu huo unaendeleaje? Milembe ameolewa?"

"Yupo, mama. Wewe uko wapi siku hizi?"

"Niko Mwanza. Nafundisha mashirika. Usalama wa wafanyakazi kwenye mazingira magumu."

Niliomba arudie. Akarudia, bila haya. Anafundisha usalama. Watu wanakaa kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe, wanakunywa maji ya chupa, wanaandika anachosema. 

Nikamuuliza, "Mama, Kabula alikufa mahali pa namna gani? Pa salama au pa hatari?"

Akashusha sauti. "Mambo yale ya ofisi yalishafungwa."

"Rangi gani?"

"Kwenye kumbukumbu ni kijani. Unajua."

"Na kwa mdomo wako?"

"Baba Milembe, nyie hamkuandika. Mngeandika ningekuwa na pa kusimamia. Mlitaka nimwambie mkurugenzi nini? Kwamba mpakiaji ameniambia?"

"Ndiyo. Kwamba mpakiaji amekwambia."

Alimwambia muuza samaki afunge sato wawili, mmoja wangu. Nikakataa. Akaushikilia ule mfuko muda kidogo, kisha akaingia nao kwenye gari.

Sikumfuata. Lakini nilikwenda Nyalikungu, kwa mama yake Kabula, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuwa na uso wa kwenda. Nilimweleza langu lote: kwamba nilinyamaza kwa ajili ya posho, kwamba nilishika stuli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunifukuza, wala hakuniambia yameisha. Alinyanyuka akaleta barua aliyopewa na shirika baada ya mazishi. Hajui kusoma, kwa hiyo kila mgeni anayejua kusoma anayefika pale anapewa aisome, maana anadhani aliyetangulia alikosea. Imeshakuwa laini kama kitambaa. Nikamsomea polepole, kidole kwenye mstari. Inasema shirika halina lawama, kwa kuwa marehemu "alirudi kwenye eneo la hatari kwa hiari yake, kinyume cha taratibu." Chini yake sahihi mbili: mkurugenzi, na Mama Posho.

Mama yule akaniuliza, "Na wewe unasoma hivyo hivyo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mayu."

"Kwa hiyo mwanangu alijiua."

Sasa ninyi wawili mliosaini, na wewe Renatus uliyetufunga midomo, nisikilizeni. Kwenye ramani yenu pale palikuwa salama, ndiyo maana hapakuwa na gari wala bunduki. Kwenye barua yenu pale palikuwa eneo la hatari, ndiyo maana kosa ni la Kabula. Haiwezekani vyote viwili. Kama palikuwa salama, alivunja utaratibu gani kwa kurudi kumchukua bibi? Na kama palikuwa na hatari, mlitupeleka vipi? Mama Posho, wewe uliyesema karatasi haina ndugu, hizi karatasi mbili ni zako na zinakukana. Njoo Nyalikungu, uketi mbele ya mama yake, uchague moja kwa mdomo wako. Mimi langu nimeshakwenda kulisema. Lako tunalisubiri.